Gari la Mama Lililopenda Kulala Ubavu

Mara ya kwanza gari la Mama kulala ubavu, nilikuwa nimepakata keki. Tulikuwa tunatoka Musoma kwenda Butiama kwenye kipaimara cha mtoto wa binamu yangu, Mama yuko kwenye usukani, mimi pembeni yake, na keki juu ya mapaja yangu imefunikwa kitambaa cheupe. Tulipofika kwenye kona ya mteremko, kabla ya kuingia Butiama kwenyewe, ndama alivuka barabara bila haraka yoyote, kama mwenye mali.

Mama hakuwa na mwendo. Hilo naweza kuliapia mbele ya padri yeyote, maana Mama aliendeshaga gari kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Alikata usukani kidogo kushoto kumkwepa ndama, akaurudisha kulia, na gari likaanza kuinama. Halikubingirika wala halikupiga kelele. Liliinama taratibu, likasita kama linafikiria, kisha likajilaza kwenye majani upande wangu.

Mama alibaki ananing'inia juu yangu, ameshikiliwa na mkanda. Akaniuliza kama ni mzima. Nikamwambia mimi ni mzima ila keki sijui. Nusu yake ilikuwa kifuani kwangu na nusu kwenye kioo.

Wanaume waliokuwa wanachunga ng'ombe karibu na hapo walitutoa kwa mlango wa juu, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotoa viazi kwenye gunia. Kisha wakashika paa la gari, wakalisimamisha bila hata kukunja sura. Mmoja akasema kwamba ng'ombe wao akilala anawapa tabu zaidi kumsimamisha. Mama akamshukuru, akafunga kilemba chake upya, akawasha gari, likawaka. Njiani akanielekeza kwamba tukifika tutasema keki imetikiswa na barabara.

Habari zilikuwa zimeshatutangulia. Tulipoingia uani wageni walikuwa wanatutazama kwa macho ya kutuhesabia mifupa, na katikati yao alikuwa amekaa Baba Mdogo. Huyu ni mdogo wa marehemu baba yangu. Kwa miaka mingi aliendesha malori ya pamba kutoka Bunda, na alipostaafu alirudi Butiama na ng'ombe wachache na maoni mengi. Alimsubiri Mama anawe mikono, akae, apewe sahani, ndipo akatoa hukumu mbele ya watu wote.

"Gari haliangukagi lenyewe, shemeji," alisema. "Linaangushwaga."

Watu wakacheka. Mama alikuwa mkunga kwa muda mrefu wa maisha yake, na wengi wa wale waliokuwa wanacheka aliwapokea kwa mikono yake wakitoka tumboni. Alikula wali wake wote, akaomba na mchuzi kidogo. Mimi ninayemjua niliona kwamba ametulia kupita kiasi, nikaanza kumwonea Baba Mdogo huruma.

Gari lenyewe alilinunua Bunda baada ya kustaafu, kwenye yadi moja ya magari yaliyotumika. Nilimsindikiza. Yalikuwa ya aina moja, jeep ndogo za milango mitatu, yamepangwa mstari yakiwa yamenyanyua vifua, matairi manene, rangi zinang'aa. Moja tu lilikuwa fupi, limewekwa kwenye uzio na majani yameanza kuota chini yake. Mwenye yadi alikuwa mtu nadhifu mwenye shati jeupe na sauti ya katekista. Alimfungulia Mama mlango wa mojawapo ya yale marefu, Mama akapanda kwa kushikwa mkono, akakaa, akatazama juu ya uzio hadi barabarani, hadi vilimani.

"Hili linaona mbali," akasema.

Mwenye yadi akamwambia kwamba hilo ndilo chaguo la watu wanaojua magari. Tukaondoka nalo siku hiyohiyo. Njia nzima ya kurudi Makoko, tunakokaa, Mama alikuwa anawapungia mkono watu asiowajua.

Mara ya pili lilianguka Bweri, na mimi sikuwepo. Mama alikuwa anaenda kumtazama mjukuu wa rafiki yake, bodaboda ikamkatizia kwenye mchepuko, akaikwepa. Gari likainama tena vilevile, ila safari hii lilikuta ukuta wa nyumba ya mtu ambayo haijaisha, likauegemea. Mama alikaa humo ndani limeegemea hivyo, akampigia simu fundi wake, na alipokuwa anamsubiri akawa anaongea na mwenye nyumba kupitia dirishani kuhusu bei ya saruji.

Baba Mdogo alizipata habari kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Alituma ujumbe wa sauti mrefu sana, unaoeleza jinsi usukani unavyotaka mtu mwenye mabega, na katikati yake ng'ombe wake wanasikika wakilia. Mtu mwingine akatuma picha ya baiskeli ya watoto ya magurudumu matatu, akaandika kwamba hiyo ndiyo itamfaa bibi. Mama aliiangalia ile picha, akaiwekea alama ya moyo.

Ikatokea kwamba hakuwa peke yake. Kipindi cha asubuhi cha redio ya hapa mjini kilikuwa kimeanza kuzungumzia magari marefu yanayopinduka ovyo, na mtangazaji, binti mmoja mchangamfu, aliuliza swali moja tu: kosa ni la gari au la dereva? Mimi nauza dawa kwenye duka mjini, na redio yetu huwa wazi kutwa. Nilikuwa namhesabia mteja vidonge nikasikia sauti ya Mama inatoka kwenye kabati.

Alieleza vizuri, bila kulalamika. Alisema gari lake limelala mara mbili kwa mwendo ambao hata kuku angeweza kulipita, na anaomba anayejua amweleze kwa nini. Baada yake akapiga mwuza mayai mmoja wa Bweri mwenye gari la aina hiyohiyo, naye lilimlaza akiwa na trei za mayai nyuma. Akasema hatalisahau jambo hilo kwa sababu mpaka leo gari linanuka. Akapiga na mwalimu wa Bunda, naye vivyo hivyo. Mtangazaji akawauliza walinunua wapi, na wote wawili wakaitaja yadi ileile ya Bunda.

Ndipo akapiga mtu aliyejiita mdau kutoka Butiama. Alianza kwa kukohoa. Akasema matatizo haya yote yalikuja baada ya leseni kuanza kutolewa kama karanga, na zamani mtu alifundishwa gari mpaka akalia. Mtangazaji akamuuliza Mama, ambaye alikuwa bado kwenye simu, kama ana la kumjibu mdau.

"Sina," Mama akasema. "Namuuliza tu shemeji kama ile dawa ya kikohozi niliyompa ameimaliza."

Simu ya mdau ikakatika. Mteja wangu alicheka mpaka akasahau kuchukua vidonge. Kabla kipindi hakijaisha, mwenye yadi naye akapiga, kwa ile sauti yake ya kanisani. Akasema magari yake hayana kasoro, yanatoka bandarini yakiwa mazima, isipokuwa kuna wateja waliozoea cherehani na sasa wanajaribu gari.

Jioni hiyo nilimkuta Mama amelala chali chini ya gari uani kwetu Makoko, ametandika mkeka, miguu yake tu ndiyo inaonekana. Mkononi alikuwa na futi kamba yake ya kazini, ile ya kupimia matumbo ya waja wazito. Alikuwa ameshapima urefu wa gari kwenda juu na upana wake chini kwenye matairi. Aliniita niingie nitazame, nami nikaingia na gauni langu la kazini. Akanionyesha kwa kidole juu ya springi vipande vya chuma vinene, vimepakwa rangi nyeusi mbichi, wakati kila kitu kingine huko chini kilikuwa na kutu ya uzee. Fundi wa mtaani kwetu alipoitwa akasema hizo ni spesa, zinawekwa kunyanyua gari, kiwandani haziwekwagi. Na matairi nayo yamezidi saizi.

"Mtoto hukaa kwa makalio," Mama aliniambia akijifuta vumbi. "Hili wamelipa kichwa, makalio wamelinyima."

Nilidhani ataenda polisi au atarudi redioni. Yeye akampigia simu Baba Mdogo, na akaongea naye kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuusikia kinywani mwake. Alimwambia amefikiri sana, na ameona amemkosea mwenye yadi kwa kumsema redioni. Anataka aende Bunda akamalize jambo hilo hadharani, na mjane hawezi kwenda peke yake kwenye shughuli kama hiyo, anahitaji mwanaume wa ukoo, tena anayejua magari. Baba Mdogo akasema hilo ni jambo la busara, atakuja na suti.

Kwa akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani aliongea kwa namna nyingine, na huko sikuruhusiwa kukaa.

Siku ilipofika tuliondoka Makoko kwa basi dogo la kukodi, akina mama wote wakiwa na vitenge vya sare kama watu wanaoenda kumpeleka bibi harusi. Nyuma ya basi kulikuwa na godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Dereva alipouliza ni la nini, aliambiwa ni la mgonjwa. Mama alitangulia polepole na gari lake, mimi na Baba Mdogo tukiwa naye. Baba Mdogo alikuwa amevaa suti ya rangi ya ugoro, mkono mmoja umeshika kishikio cha juu ya mlango tangu Musoma hadi Bunda. Alisema ni mazoea.

Mwenye yadi alituona tukiingia akadhani ni wateja. Akaagiza soda, akina mama wakakaa kwenye vivuli vya magari wakanywa na kurudisha chupa kistaarabu. Yule binti wa redio naye alikuwa amefika na kinasa sauti chake, Mama ndiye aliyemwita. Baba Mdogo akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaanza hotuba. Alisema ukoo wao unajua kukosea na unajua kurekebisha. Alisema shemeji yake ni mtu wa kazi za ndani ya wodi, barabara ni kitu kingine, na ana jambo la kusema.

Mama akasimama. Akamshukuru shemeji yake kwa maneno mazuri. Akasema yuko tayari kuomba radhi, ila kwanza anaomba kuhakikisha kama kweli yeye ndiye anayeangusha gari. Kwa hiyo leo halitaendeshwa na mtu yeyote. Likianguka bila dereva, basi dereva hahusiki.

Wakati anasema hayo, godoro lilikuwa limeshashuka kwenye basi na kutandikwa ubavuni mwa gari lake. Mwenye yadi akauliza kwa upole kinachoendelea ni nini. Mama akamjibu kwamba gari ni lake, kadi ina jina lake, na godoro pia ni lake.

Akina mama wakajipanga upande mmoja, viganja kwenye bodi. Hawakuwa vijana. Wengine wana presha, mmoja ana goti bovu na alisukuma kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika fimbo. Mama akasimama mbele yao, akatumia sauti yake ya wodini.

"Pumua," alisema. "Sasa sukuma. Pumua. Sukuma."

Nusu yao walishawahi kuisikia amri hiyo wakiwa kitandani, na naona miili yao iliikumbuka. Gari likaanza kuyumba, likaenda, likarudi, likaenda zaidi. Mara ya tatu au ya nne magurudumu ya upande wao yakaachana na ardhi, na gari likajilaza kwenye godoro kwa mlio wa kupumua, kama mzee anayejitupa kwenye kochi. Watu waliokuwa wanapita barabarani walikuwa wameshajaa kwenye uzio, wakapiga makofi. Binti wa redio aliinamisha kinasa sauti chake karibu na tairi lililobaki hewani.

Mwenye yadi akasema gari lolote likisukumwa na watu wengi hivyo litaanguka. Mama akakubali kwamba hilo linawezekana. Akaelekea kwenye uzio, kwenye lile gari fupi, ambalo lilikuwa bado lipo na majani chini yake yamekuwa marefu zaidi. Akauliza kama wanaweza kulijaribu na hilo, aina ni moja. Mwenye yadi alitaka kukataa, lakini kinasa sauti kilikuwa kimeshafika mbele ya mdomo wake.

"Sukumeni," akasema.

Wakalihamisha godoro, wakasukuma. Wakapumua, wakasukuma. Gari fupi lilitikisika, likalia kwenye springi zake, likarudi mahali pake na kukaa. Wakajaribu tena mpaka mwenye goti bovu akaomba apumzike. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hata Mama hakulipanga. Baba Mdogo alikuwa ametazama yote hayo uso umemwiva, na hakuvumilia tena. Akasema hawajui kusukuma. Akavua koti, akanipa, akawaambia akina mama wakae pembeni, akaweka bega lake lenyewe chini ya dirisha la gari na kusukuma mpaka shingo ikavimba. Gari halikuinuka hata kidogo. Suruali ya suti ndiyo iliyoshindwa, ikachanika nyuma kutoka kwenye mkanda kwenda chini, kwa sauti iliyofika redioni siku iliyofuata bila kukatwa.

Mmoja wa akina mama akavua upande wa kitenge chake akamfunga nacho kiunoni, kwa heshima kabisa, akimwita shemeji. Alirudi Musoma nacho.

Mwenye yadi alituita mimi na Mama ofisini. Nilitegemea mabishano, lakini alivua miwani akakaa kama mtu aliyechoka. Akasema spesa na matairi anaweka yeye. Magari yakija kama yalivyo hayanunuliwi, yanaota majani, watu wa huku wanataka gari lililosimama. Akamkumbusha Mama kwamba hata yeye alionyeshwa lile fupi kwanza akalipita kama hajaliona.

Ilikuwa kweli, nami nilikuwepo. "Nilitaka kuona mbali," alisema mwishoni. "Ila hukuniambia nitaonea nikiwa nimelala."

Huyo mtu akacheka bila kutaka, kisha Mama naye akacheka. Wakakubaliana kwamba atayashusha bila malipo magari yote aliyouza, na kwamba atasema mwenyewe redioni alichokuwa anafanya. Alisema kweli, kwa ile sauti yake, na mwuza mayai wa Bweri na mwalimu wakawa wa kwanza kupeleka yao. Si wote waliokwenda. Wapo wanaume pale mjini waliosema wazi kwamba afadhali waanguke kuliko kuendesha gari fupi, na mpaka leo unawaona wakikata kona wamekakamaa, wameegemea upande wa pili kama watu walio kwenye mtumbwi.

Gari la Mama liliposhushwa lilionekana kama kuku aliyelalia mayai. Baba Mdogo alikuja Makoko kulitazama, suruali mpya, akaomba funguo. Akaenda nalo hadi ile kona ya Butiama, Mama yuko nyuma, mimi mbele nimeshika kishikio. Aliikata kona kwa mwendo ambao Mama hajawahi kuukaribia maishani. Matairi yalilia, gari likakaa barabarani. Akalisimamisha pembeni, akazima injini, akageuka nyuma na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Umeona, shemeji?" alisema. "Nilisemaga mimi. Ni dereva."

Nilisubiri Mama amtaje fundi, spesa, godoro. Badala yake alimtazama kwa upole, akasema kweli, sasa ameona, na kwa kuwa shida ilikuwa dereva, na dereva mzuri kumbe yupo ndani ya ukoo, haoni sababu ya yeye kuendelea kujisumbua na usukani. Kesho kuna samaki aina ya sato wa kufuata Mugango asubuhi. Jumamosi kuna msiba Bweri. Jumatatu ana kliniki ya macho.

Baba Mdogo hakuwa na mlango wa kutokea.

Sasa anakaa kwetu siku nyingi kuliko anazokaa kwa ng'ombe wake. Humpeleka Mama kila anapotaka, na Mama hukaa kiti cha nyuma, karanga zake mapajani, akimwelekeza mawe ya kukwepa. Barabara ya Bweri ina mawe, na gari likipita tumbo lake linakwaruza, Baba Mdogo husononeka kana kwamba ni tumbo lake yeye. Juzi alinivuta pembeni jikoni akaniuliza kwa siri kama nadhani Mama angekubali walinyanyue tena, kidogo tu.

Nikamwambia amuulize mwenyewe. Alienda hadi mlangoni, akasimama, akamwona anavaa viatu, akaenda kuwasha gari.